Hamira, Zinki na Haki ya Kuuliza

Katika semina ya mwaka wa tatu, mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililotuchukua saa nzima iliyobaki. Tulikuwa tukijadili nafasi ya wataalamu katika dola ya kisasa, naye akauliza hivi: ikiwa wananchi hawaelewi sayansi, wana haki gani ya kuwahoji wanasayansi? Na ikiwa wana haki hiyo, je, hatutafika mahali ambapo ukweli wa maabara utapigiwa kura kama jina la diwani?

Darasa liligawanyika. Wapo waliosema kwamba mtaalamu aachwe afanye kazi yake. Wengine walisema kwamba hakuna mamlaka isiyostahili kuhojiwa, hata iwe ya msomi. Nami niliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikichanganya mambo mawili yaliyo tofauti, na kwamba hoja tupu zisingetosha kuyatenganisha. Nikawasimulia historia ya protini moja ya hamira. Makala haya ni simulizi lile lile, limepangwa vizuri zaidi kuliko nilivyoweza kulipanga siku ile mbele ya ubao.

Kiumbe cha jikoni

Hamira tunaijua sote. Ndiyo inayoumua maandazi, na jamaa zake ndio wanaochachusha pombe. Ni kuvu wa seli moja, na wanasayansi humwita *Saccharomyces cerevisiae*. Kwa mwanabaiolojia, udogo wa kiumbe huyu ni neema. Hukua haraka, hutunzwa kwa gharama ndogo, na juu ya hayo seli yake imejengwa kwa mpango unaofanana na wa seli zetu: ina kiini, na ndani ya kiini hicho zimo kromosomu. Bakteria hana kiini cha namna hiyo.

Chakula apendacho hamira ni glukosi. Akiikosa, naye akapewa galaktosi, sukari ambayo ni nusu ya sukari ya maziwa, hubadili mwenendo. Jeni zilizokuwa zimenyamaza huamka, na baadhi yake huongeza kazi takriban mara elfu moja, ili seli itengeneze vimeng'enya vya kuivunja sukari hiyo ngeni. Katika miaka ya 1960, Howard Douglas na Donald Hawthorne wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichunguza hamira walioharibika jeni mojamoja, wakabaini kwamba mmoja wao alikuwa na kasoro ya pekee. Vimeng'enya vyenyewe havikuwa na hitilafu. Kilichokosekana ni amri ya kuvitengeneza. Jeni iliyotoa amri hiyo waliiita GAL4. Muongo uliofuata, Yasuji Oshima na wenzake wa Osaka, Japani, walisaidia kuonyesha kwamba ipo jeni nyingine, GAL80, ambayo zao lake huizuia GAL4 pale galaktosi inapokosekana.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Amri ndani ya seli si sauti wala maandishi. Ni lazima kitu fulani kiende mahali fulani penye DNA na kushika hapo. Kitu hicho kina umbo gani? Nacho kinatambuaje mahali pake miongoni mwa mamilioni ya herufi za DNA zinazofanana? Kwa hamira peke yake lisingejibika. Protini ya GAL4 ni haba mno ndani ya seli yake, na anayetaka kuona umbo la protini huhitaji molekuli nyingi zilizo safi. Njia iliyokuwapo ilikuwa kuitoa jeni ndani ya hamira na kuipandikiza katika bakteria, ili bakteria huyo awe kiwanda. Njia hiyo, katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa ndiyo kwanza imevumbuliwa, na watu waliiogopa.

Meya anauliza

Mnamo Februari 1975, wanasayansi walikutana Asilomar, California, kujadili hatari za kuunganisha DNA za viumbe tofauti. Wao wenyewe ndio waliokuwa wamependekeza kusitisha baadhi ya majaribio mpaka hatari zipimwe. Walipotoka Asilomar walikuwa na kanuni za awali, na tarehe 23 Juni 1976 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza mwongozo rasmi.

Siku hiyohiyo, ukumbi wa halmashauri ya mji wa Cambridge, jimboni Massachusetts, ulifurika watu. Chuo Kikuu cha Harvard kilikusudia kujenga maabara maalumu ya utafiti wa aina hiyo katikati ya mji, na Meya Alfred Vellucci aliitisha kikao cha hadhara. Vellucci alikuwa mwanasiasa wa mtaani, aliyezoea kuvutana na chuo hicho tajiri. Aliwataka maprofesa wazungumze kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa, wala wasijifiche nyuma ya vifupisho. Kisha akaanza kuuliza. Je, mnaweza kuthibitisha kwamba hapana hatari? Kitu kikitoroka, nani atawajibika?

Miongoni mwa waliosimama kuutetea utafiti alikuwa Mark Ptashne wa Harvard. Huyu ndiye aliyekuwa ametenga, mwaka 1967, protini inayozima jeni za kirusi kiitwacho lambda, akaonyesha kwamba inashika DNA moja kwa moja. Upande wa pili walikuwapo wanasayansi wa chuo hicho hicho: George Wald, mshindi wa Tuzo ya Nobel, na mwanabaiolojia Ruth Hubbard, mkewe. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba huu ulikuwa ugomvi wa wasomi kwa upande mmoja na wajinga kwa upande mwingine. Wasomi wenyewe walitofautiana hadharani, na raia walisikia.

Mwezi Julai halmashauri iliomba utafiti huo usimame kwa miezi mitatu, muda ambao baadaye uliongezwa. Iliundwa bodi ya uchunguzi ya raia. Wajumbe wake hawakuwa wataalamu wa fani hiyo. Walikuwamo mfanyabiashara, mhandisi na mtawa wa Kikatoliki. Wasomi wengi waliiona hatua hiyo kuwa kichekesho. Hata hivyo raia wale walikaa kwa miezi kadhaa, wakasoma, wakawaita mashahidi wa pande zote, wakauliza na kuuliza tena. Mapema mwaka 1977 walitoa maoni yao: utafiti uendelee, lakini kwa masharti ya ziada juu ya yale ya serikali kuu, yakiwamo mafunzo kwa wafanyakazi na kamati ya usalama yenye mwakilishi wa jamii. Februari 1977 mji wa Cambridge ukapitisha sheria ndogo, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani.

Wapo waliotabiri kwamba sheria ile ingeua sayansi mjini Cambridge. Kilichotokea ni kinyume chake. Leo mji huo ni moja ya makao makubwa ya bayoteknolojia duniani. Sababu ni nyingi, na siwezi kudai kwamba sheria ile ndiyo iliyoleta yote. Lakini walau hili liko wazi: kuhojiwa hakukuiua elimu. Kanuni zilijulikana, na kila mtu alijua amesimama wapi.

Kipande cha mwanzo

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa kasi. Mwaka 1984, Allen Laughon na Raymond Gesteland wa Utah walichapisha mfuatano kamili wa jeni ya GAL4. Protini yake ina asidi amino 881. Katika maabara ya Ptashne, ambaye sasa alikuwa amegeukia hamira, ilibainika mwaka 1985 kwamba protini hiyo hushika sehemu nne zilizo jirani na jeni za galaktosi, na kwamba kila sehemu ina urefu wa jozi 17 za herufi za DNA.

Mwaka 1986, Liam Keegan, Grace Gill na Ptashne walifanya jaribio lililo jepesi kulisimulia. Waliikata GAL4, wakabakiza kipande cha mwanzo tu. Kipande hicho kilishika DNA barabara, lakini jeni hazikuamka. Maana yake ni kwamba protini ina sehemu mbili zenye kazi mbili: moja hupajua mahali, nyingine hutoa amri. Miaka miwili baadaye maabara mbalimbali zilionyesha kwamba GAL4 ikiwekwa ndani ya seli za nzi au za binadamu, mahali pake pakiwekwa jirani na jeni, jeni hiyo huamka. Kumbe lugha ya amri iliyomo ndani ya hamira inaeleweka pia ndani yetu.

Ugunduzi huo ulikuwa na faida ya kivitendo. Anayetaka kujua jinsi GAL4 inavyopatambua mahali pake hana haja ya asidi amino zote 881. Kipande kidogo cha mwanzo kinatosha.

Jina lililotangulia ushahidi

Sasa tufike kwenye kosa, kwa kuwa historia ya elimu isiyosimulia makosa ni tangazo tu.

Mwaka 1985, Aaron Klug na wenzake wa Cambridge ya Uingereza, wakichunguza protini ya chura, walikuwa wametoa wazo zuri sana. Protini ile ilikuwa na vipande vidogo vinavyojirudia, na kila kimoja kilikuwa na sisteini mbili na histidini mbili, asidi amino zinazopenda kushika madini. Klug alipendekeza kwamba manne hayo huishika atomi moja ya zinki, na mnyororo uliobaki hujitokeza kama kidole kinachoigusa DNA. Likazaliwa jina la "kidole cha zinki". Wazo lilithibitika kuwa kweli kwa protini ile, na mwaka 1991 Nikola Pavletich na Carl Pabo walionyesha vidole vya namna hiyo vikiwa vimeshika DNA.

Lakini jina zuri lina miguu. Mara watafiti wakaanza kuona vidole kila mahali. GAL4 nayo ilikuwa na sisteini nyingi katika kipande chake cha mwanzo, na mwaka 1987 Mark Johnston wa St. Louis alitoa ushahidi wa kijenetiki kwamba inahitaji zinki: alipata hamira wenye kasoro katika sehemu hiyo ambao kasoro yao ilipona walipoongezewa zinki katika chakula. Hitimisho likaonekana kujileta lenyewe. Ina sisteini, ina zinki, inashika DNA. Basi nayo ni kidole cha zinki. Katika michoro ya siku zile GAL4 ilichorwa na kidole kimoja, sisteini nne zikiwa zimeizunguka zinki moja.

Kulikuwa na tatizo dogo ambalo lilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuhesabu. Sisteini katika eneo hilo si nne, ni sita. Tena ni sita hizohizo, katika mpangilio uleule, katika protini nyingine za kuvu zilizokuwa zikigunduliwa. Mageuko ya viumbe hayatunzi kitu kwa mamilioni ya miaka bila sababu. Mbili zilizobaki zilikuwa na kazi gani? Swali hilo halikupewa uzito uliostahili, kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kujibu kabla swali halijaulizwa.

Nawaomba wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa wapatafakari hapa. Hakuna aliyedanganya wala kughushi takwimu. Kilichotokea ni kwamba neno lililozaliwa mahali pamoja kwa haki lilihamishiwa mahali pengine bila kuombwa hati. Sisi nasi tunafanya hivyo kila siku tunapozungumzia "ukabila", "maendeleo" au "utulivu": tunachukua jina lililopata maana yake katika nchi fulani na wakati fulani, tunalivalisha jambo jingine, kisha tunaacha kuhesabu.

Madini yenye sumu yanatoa ushahidi

Waliohesabu walikuwa Tao Pan na Joseph Coleman wa Chuo Kikuu cha Yale. Zinki ina udhia mmoja kwa wanaotumia mwangwi wa sumaku wa viini vya atomi, njia ya kusikiliza atomi zikiitikia ndani ya sumaku kali: haiitikii kwa namna inayosaidia. Kadimiamu, ndugu yake wa karibu katika jedwali la elementi, huitikia vizuri. Kadimiamu ni sumu mwilini, lakini ndani ya chupa ya maabara inaweza kukaa palepale zinki inapokaa na kutoa habari za mahali hapo.

Waliiondoa zinki, wakaweka kadimiamu, wakasikiliza. Madini mawili yaliitikia, wala si moja. Tena ishara zilionyesha kwamba yako pamoja sana, yakichangia sisteini mbili kati yao kama majirani wawili wanaochangia ukuta. Hesabu sasa ilikamilika: kila atomi ya madini ina sisteini nne, lakini kwa kuwa mbili zinachangiwa, jumla ni sita. Mwaka 1990 walichapisha matokeo, na hata kichwa cha makala yao kilitamka wazi kwamba GAL4 si kidole cha zinki.

Zile sisteini mbili zilizoonekana kuwa za ziada ndizo zilizokuwa zimeunganisha jengo zima.

Aprili 1992

Ushahidi wa Yale ulieleza kitovu cha kipande, lakini haukueleza jinsi kinavyoikumbatia DNA. Kazi hiyo ilifanywa na Ronen Marmorstein, Michael Carey, Ptashne na Stephen Harrison. Harrison alikuwa bingwa wa fuwele. Mwaka 1978 kundi lake lilikuwa limeonyesha umbo la kirusi kizima cha mmea kwa undani usiowahi kuonekana kabla.

Njia yenyewe, kwa asiyeizoea, ni hii. Kipande cha asidi amino 65 za mwanzo kilitengenezwa kwa wingi ndani ya bakteria, kwa ufundi uleule ambao Meya Vellucci aliuhoji. Kilisafishwa, kikachanganywa na kipande kifupi cha DNA chenye mahali pake, kisha mchanganyiko ukaachwa polepole mpaka ukagandamana kuwa fuwele, kama chumvi inavyojitenga katika maji yanayokauka. Hapa ndipo wengi hukwama, kwani protini haina haraka na haimtii mtu. Fuwele zikipatikana, hupigwa miale ya eksirei. Miale hutawanyika na kuacha madoa, na kutokana na ukali wa madoa hayo, pamoja na hesabu ndefu ya kurejesha habari ambazo madoa peke yake hayazibebi, hupatikana ramani ya mahali elektroni zilipo. Mtafiti huingiza mnyororo wa protini ndani ya ramani hiyo, atomi kwa atomi, na kujikosoa kila hatua.

Ramani yao ilikuwa na uangavu wa angstromu 2.7, yaani sehemu 0.27 ya nanomita. Tarehe 2 Aprili 1992 ilichapishwa katika jarida la *Nature*. Toleo hilohilo lilibeba makala nyingine mbili kuhusu kipande hicho kikiwa peke yake ndani ya maji, bila DNA: moja ya kundi la Ernest Laue wa Cambridge, Uingereza, nyingine ya James Baleja, Gerhard Wagner na wenzao, akiwamo Marmorstein na Harrison. Hizo mbili zilitumia mwangwi wa sumaku. Njia mbili zisizotegemeana, bahari ikiwa katikati, zikakutana katika jibu moja: zinki mbili, sisteini sita.

Na umbo lenyewe? GAL4 hufanya kazi ikiwa pacha. Molekuli mbili husokotana katikati kwa kipande kifupi, kama nyuzi mbili za kamba, na kamba hiyo husimama juu ya DNA. Kutoka hapo kila molekuli hunyoosha mkono mwembamba pembeni mwa DNA, mmoja huku, mwingine kule. Mwisho wa kila mkono pana kishada kidogo kilichofungwa kwa zinki mbili, nacho huingia katika mfereji mpana wa DNA na kusoma herufi tatu tu: CGG. Tatu upande mmoja, tatu upande wa pili, na katikati herufi 11 ambazo vishada havizigusi.

Lililowashangaza wengi ni uwazi huo wa katikati. Protini zilizokuwa zimejulikana kabla, kama zile za virusi vya bakteria, zilikuwa zimeifunika DNA kwa ukaribu. GAL4 inaigusa ncha mbili na kuacha nafasi, na waandishi walidokeza kwamba nafasi hiyo ingeweza kupokea protini nyingine ishirikiane nayo.

Umbali nao una maana

Umbo hilo lilifumbua fumbo jingine. Zipo protini nyingine za hamira zenye sisteini sita, na baadhi yake husoma herufi zilezile tatu. Je, seli haichanganyikiwi? Ufunguo ulikuwa katika umbali. GAL4 hutaka herufi 11 katikati. Nduguye PPR1 hutaka sita. Mwaka 1993 Richard Reece na Ptashne walibadilishana sehemu za protini hizi, wakaonyesha kwamba kinachoamua mahali si kishada kinachosoma herufi, bali ule mkono na kamba vinavyopima umbali. Mwaka uliofuata Marmorstein na Harrison walichapisha umbo la PPR1 likiwa na DNA, na picha ikaafiki.

Haya si mambo ya maktaba tu. Familia hii ya protini hupatikana karibu kwa kuvu peke yao, na baadhi yake huongoza pampu ambazo kuvu hutumia kutapika dawa. Kuvu aitwaye Candida, anayewasumbua hasa wagonjwa wenye kinga dhaifu, hupata usugu kwa njia hiyo. Aidha, GAL4 yenyewe imekuwa chombo cha kazi katika maabara duniani kote: tangu 1989 hutumiwa kubaini protini ipi inashikana na ipi, na tangu 1993 hutumiwa kuamsha jeni katika kiungo chochote cha nzi ambacho mtafiti anakichagua. Nani angeyatabiri hayo mbele ya meya mwaka 1976? Hakuna. Nasi tusimdai mtafiti leo aahidi faida ambayo hana namna ya kuijua.

Jambo moja zaidi linahusu umiliki. Mwaka 1980 Ptashne alishiriki kuanzisha kampuni ya bayoteknolojia, na Harvard ikafikiria kuwa mbia. Walimu wa chuo walipinga kwa hoja kwamba chuo hakiwezi kuwa mwamuzi wa elimu na mfanyabiashara wake kwa wakati mmoja, na mnamo Novemba mwaka huo Rais wa chuo, Derek Bok, akatangaza kwamba hawataingia ubia. Umbo la GAL4, kwa upande wake, liliwekwa katika Benki ya Takwimu za Protini kwa namba 1D66. Yeyote mwenye intaneti, awe Boston au Bukoba, anaweza kulifungua na kulikagua bila malipo. Nimefanya hivyo na wanafunzi wangu kwa simu.

Jibu kwa mwanafunzi wangu

Sasa narudi kwenye swali la semina. Katika historia hii yapo maswali ya aina mbili. Aina ya kwanza ni hii: GAL4 ina zinki ngapi? Swali hili halipigiwi kura. Halmashauri yote ya Cambridge ingeweza kupitisha azimio kwamba ni moja, na zingebaki mbili. Ila tuzingatie kwamba umaarufu wa wataalamu nao haukulijibu. Wataalamu wengi walikuwa wameamini ni moja. Lilijibiwa kwa kupima, na waliokosea walikubali kusahihishwa.

Aina ya pili ni hii: maabara ijengwe wapi, kwa masharti gani, nani abebe hatari na nani avune faida? Hili si swali la wataalamu peke yao, kwa kuwa jirani anayeishi nyuma ya maabara hubeba sehemu ya hatari bila kuwa na shahada. Utaalamu unahitajika ili kuujua ukubwa wa hatari; hautoi haki ya kuamua kwa niaba ya mwingine kwamba hatari hiyo inavumilika.

Dola zetu zimekuwa zikichanganya aina hizi mbili, na gharama tunaiona. Nchini Kenya, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vilivyobadilishwa kijenetiki mwezi Novemba 2012, na Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku hiyo, kisha kesi zikafunguliwa mahakamani. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi wa kwanza au wa pili. Mimi hapa sichagui. Ninachosema ni kwamba mara zote mbili mwananchi alipokea tangazo. Hakuitwa kuketi miezi kadhaa, kusoma na kuwahoji mashahidi wa pande zote kama walivyofanya yule mtawa na yule mhandisi. Mtu ambaye hakuulizwa hubakiwa na silaha mbili tu, uvumi na kesi, kisha tunamlaumu kwa kuamini uvumi.

Nimeambiwa na mwenzangu mmoja idarani kwamba ninaipamba Cambridge. Kwamba ule ni mji wenye vyuo viwili vikubwa na raia waliosoma. Hoja yake ina uzito, lakini haimalizi jambo. Wajumbe wale hawakuanza wakijua DNA ni nini kwa undani. Walichopewa ni muda, nyaraka na haki ya kuuliza mpaka waelewe. Vitu hivyo vitatu havihitaji utajiri wa Harvard. Mabaraza ya vijiji na ya kata tunayo tayari. Kinachokosekana ni mtaalamu aliye tayari kuketi hapo akazungumza bila vifupisho, na serikali iliyo tayari kusubiri jibu.

Kipande kilichoonekana mwaka 1992 kilikuwa na asidi amino 65 kati ya 881, chini ya asilimia nane ya protini nzima. Marmorstein na wenzake hawakudai kwamba wameiona GAL4 yote. Waliandika urefu wa kipande na uangavu wa ramani katika sentensi ya kwanza ya muhtasari wao, ili kila msomaji ajue mipaka ya walichokiona. Mwanafunzi wangu aliniuliza kama nina mfano wa ripoti ya tume yoyote ya umma inayoanza hivyo. Nilimwahidi nitatafuta. Bado natafuta.